Mgeni Hashambulii

Siku ya arobaini ya Mama Zaituni nilifika Namuwongo, mtaa wa Kampala, saa nne asubuhi, nimevaa kitenge ambacho sikuogopa kukichafua, kwa sababu nilijua kazi itakuwa nyingi. Uani kulikuwa na masufuria matatu motoni, wanawake wanamenya vitunguu, na rundo la sahani linasubiri mtu. Niliweka mkoba chini, nikakunja mikono ya blauzi, nikainamia beseni. Kabla vidole vyangu havijagusa maji, Hadija, mke wa Ramadhani, alilivuta beseni upande wake. "Wifi, umefika leo," alisema. "Kaa pale kwenye mkeka, chai inakuja." Nikamwambia kwamba nyumba hii niliijua kabla yeye hajaolewa hapa. Wanawake wakacheka, Hadija naye akacheka, lakini beseni hakulirudisha. Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni, mvi zimejaa kidevuni, tumbo ni la mtu aliyeendesha malori miaka mingi. Alikuwa amemzika mama yake siku arobaini zilizopita na nilikuwa nimejiandaa kumkuta na uso mwingine. "Mwacheni Furaha apige kelele," akapaza sauti. "Sheria yenyewe aliiandika yeye. Mgeni hashambulii!" Basi nikakaa kwenye mkeka, nikaletewa chai ya tangawizi na gurusa, ile mikate laini na miembamba ya Wanubi, na nikajikuta natabasamu katika nyumba ya msiba, nikikumbuka mwaka mmoja ambao ulianza na ufagio na ukaisha na sanduku la bati.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Safari iliyonitoa Bukavu ina sura yake, na hapa si mahali pake. Inatosha kusema kwamba mwanamke mmoja Mkongo, aliyekuwa akinunua karanga kwa Mama Zaituni, alinipeleka kwake akamwomba anihifadhi. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia la maua. Upande wa mbele kulikuwa na mikeka, redio, na vikapu ambavyo Mama Zaituni alisuka kwa rangi nyekundu, nyeusi na ya njano. Mlangoni palikuwa na kigoda chenye sinia la karanga za kuuza. Siku ile ya kwanza nilikula samaki na wali na sikuruhusiwa hata kuinua kikombe changu mwenyewe. Kila nilipoinuka, Mama Zaituni alisema, "Kaa, mwanangu, umefika leo." Asubuhi yake, kabla sijakaa sawa, aliniwekea ufagio mkononi. "Umeamkia hapa," alisema. "Aliyeamkia hapa ni wa hapa. Anzia mlangoni." Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba niliufurahia ule ufagio kuliko samaki. Kwa miezi mingi nilikuwa nimepewa vitu: blanketi, sabuni, foleni ya kusimama. Hakuna aliyekuwa amenihitaji kwa jambo lolote.

Kila Jumamosi mchana nilikwenda Nakawa na Ramadhani, ambaye tulikuwa rika moja, kujifunza Kiingereza. Darasa lilikuwa nyuma ya kanisa karibu na soko, na kelele za wauza mitumba ziliingia dirishani pamoja na harufu ya kabichi. Mwalimu Wekesa alikuwa Mkenya wa Kitale, mrefu, mwenye koti moja la kahawia na imani moja: kwamba mtu hajifunzi lugha mpaka apate jambo la kubishania. Jambo alilotupa lilikuwa ndani ya sanduku la bati la buluu, alilopewa na rafiki yake aliyesoma ng'ambo. Lilijaa karata. Si karata za wazee wanaocheza vibarazani. Hizi kila moja ilikuwa na picha yake na maandishi ya Kiingereza chini: majitu, mbwa mwitu, askari wenye mikuki, wachawi, tai. Wachezaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja ana roho ishirini. Kwa zamu, unashusha viumbe wako mezani. Kiumbe unaweza kumtuma akamshambulie mwenzako na kumpunguzia roho kwa kadiri ya nguvu zake, na ukimtuma unamlaza ubavu kuonyesha amechoka. Au unaweza kumwacha nyumbani amesimama, akukinge, ingawa anayeruka hukingwa na anayeruka tu. Anayeishiwa roho ameshindwa. Darasa lilikuwa na meza mbili, yetu ya Namuwongo na ile ya Bugolobi, watoto wa kwenye maghorofa, ambao kiongozi wao alikuwa Denis, kijana wa viatu safi na ulimi mwepesi.

Swali lililotusumbua mwaka mzima lilikuwa moja: kiumbe aliyeshushwa sasa hivi anaweza kufanya nini, na lini? Jibu lilikuwepo, limeandikwa katika kijitabu cha sheria ambacho meza zilipokezana kila wiki. Wiki yetu ilipofika, Ramadhani alikiacha kijitabu juu ya kigoda cha karanga. Akaja fundi baiskeli, amesimama mguu mmoja ndani mmoja nje, ana haraka, na Mama Zaituni akanyoosha mkono bila kutazama, akachana karatasi, akaikunja pembe, akamjazia karanga. Ukurasa wa tano na wa sita. Ramadhani alimkimbilia fundi hadi kwenye reli na kumkuta amekwisha kula, amefuta mikono kwa ukurasa na kuutupa mtaroni. Mama Zaituni hakuomba radhi. "Kama ni karatasi ya maana," alisema, "inafanya nini kwenye kigoda changu?" Mwalimu Wekesa aliposikia alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, "Sawa. Mmeuza sheria na karanga, sasa itafuteni. Sitajibu swali lolote la ukurasa ule. Atakayedai jambo mezani ataeleza kwa nini. Maelezo yakisimama, ndiyo sheria." Denis alicheka kuliko wote. Yeye alikuwa ameunakili ukurasa mzima katika daftari lake wiki iliyotangulia, na kuanzia siku hiyo daftari lile lilikaa ndani ya shati.

Mimi nilikuwa karani wa meza yetu. Sikuwa mchezaji mzuri, lakini nilikuwa na daftari la mistari na nilipenda mambo yawe na namba. Kila ubishi ulipokwisha niliandika ulivyokwisha. Sheria ya saba iliandikwa alasiri moja chumbani kwa Mama Zaituni, siku ambayo Ramadhani alishusha mbwa mwitu na papo hapo akamtuma kunishambulia. Nikapinga. Akapinga kupinga kwangu. Mama Zaituni, ambaye alikuwa anasuka na tulidhani hasikilizi, aliuliza, "Huyo mbwa amefika lini?"

"Sasa hivi, Mama."

"Na unamtuma vitani hajanywa hata chai?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini nilipomaliza kucheka nilifungua daftari na kuandika: Saba. Mgeni hafanyi kitu. Tulicheza hivyo miezi mitatu na tukaona ni haki tupu. Kiumbe mpya alikaa kama nilivyokaa mimi siku yangu ya kwanza, hashambulii, hakingi, anatazama tu, mpaka zamu irudi.

Kisha ikaja siku ya kupambana na meza ya Bugolobi. Ramadhani alikaa mbele ya Denis. Denis akashusha askari, akamaliza zamu. Ramadhani akamtuma mbwa mwitu wake, na Denis, taratibu, akamsukuma yule askari mbele kumkinga.

"Ng'o!" Ramadhani akasimama. "Huyo mgeni, hapigani!"

"Mgeni gani?" Denis akawageukia wenzake. "Banange, jamani, hii watu ya Namuwongo inacheza nini? Inacheza karata ama inapika chai?"

"Ramadhani," alisema Mwalimu, "eleza."

Ramadhani akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno, na nikajua neno litakalotoka kabla halijatoka. "Mama amesema," alijibu. Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, mpaka wauza mitumba wakachungulia dirishani. Damu ikampanda Ramadhani. Zamu yake ilipofika alishusha jitu na kulilaza ubavu hapo hapo: "Kama wako anafanya kazi, na wangu pia!" Denis akatikisa kichwa, "Huyo hawezi, ssebo, imeandikwa," na Mwalimu akamwambia alirudishe. Kwa hiyo mgeni wa Denis aliweza na mgeni wetu hakuweza. Tulishindwa vibaya, tukarudi kwa njia ya reli tukibishana kwa Kiswahili, Kiganda na Kifaransa, na hakuna lugha iliyotusaidia.

Wiki chache baadaye Mwalimu Wekesa alitangaza kwamba muhula ukiisha anarudi Kitale kabisa, na sanduku ataliacha. Halitagawanywa. Litakwenda kwa meza itakayoshinda mchezo mmoja wa mwisho, mchezaji mmoja kwa mmoja. Tulielewa maana yake hata kabla hajamaliza. Likienda Bugolobi litapanda ghorofa ya tatu, nyuma ya geti lenye mlinzi anayekuuliza wewe mtoto wa nani, na sisi hatutaligusa tena. Kwangu lilikuwa zaidi ya karata. Ile ilikuwa meza pekee mjini Kampala ambapo watu walinyamaza kusubiri niseme kitu. Nilitegemea Ramadhani atacheza, lakini alikataa. "Mimi nikikasirika nasahau kuhesabu," alisema. "Wewe hukasiriki, dada. Wewe unaandika. Cheza wewe." Nikamwambia siwezi kucheza na sheria nusu. Akasema basi itafute nusu nyingine, umebakiwa na wiki mbili.

Nusu nyingine iliingia kwa mlango, pamoja na maji. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, mchana. Asubuhi hiyo mjomba wa Mama Zaituni alikuwa amefika kutoka Bombo, mzee safi, kanzu nyeupe, na alikuwa ameketi kwenye mkeka wa heshima akiletewa hiki na kile. Mtaro ulifurika, kama ulivyofurika kila msimu, na maji meusi yakaja yakipanda kizingiti. Tulirukia vitu: Ramadhani godoro, mimi vikapu na redio, Mama Zaituni gunia la karanga. Nilipogeuka niliona kanzu nyeupe imefungwa kiunoni, na mzee amesimama mlangoni, miguu myembamba ndani ya tope, ananyanyua mfuko wa mchanga na kuubana kwenye kizingiti, anapiga kelele, "Lete mwingine! Lete mwingine!" Alisimama pale mpaka maji yakakata tamaa. Hakuna aliyemwambia kaa. Lakini mvua ilipokatika na sisi tukachukua majembe kwenda kuzibua mtaro na majirani, mzee naye akachukua jembe, na Mama Zaituni akamnyang'anya. "Mjomba, mlango umekinga, tunashukuru. Kutoka nje ni kesho."

Nilisimama na jembe mkononi. Niliacha jembe, nikachukua daftari, ambalo lilikuwa limelowa pembeni, na nikamfuata Mama Zaituni huku anapiga deki.

"Mama, kwa nini mjomba asitoke?"

"Hajaamkia hapa."

"Lakini ni mtu mzima, nyumba yake Bombo anaitawala miaka sitini."

"Bombo ni mwenyewe. Bombo atoke anavyotaka. Hapa ni mgeni wa leo."

"Na angefika alfajiri? Wewe umelala, hujafungua macho?"

Alilikamua tambara, akanitazama kama naanza kuumwa. "Basi ningeamka nimkute yupo. Anashika ufagio kama ninyi. Furaha, unaandika nini na tope limejaa hapa?"

Nilikuwa naandika kila kitu. Hatukuwa tumekosea sana kuhusu mgeni. Tulikuwa tumekosea kumzuia hata mlangoni. Na jambo kubwa zaidi, tulikuwa tunahesabu muda aliokaa, wakati swali halikuwa amekaa muda gani. Swali lilikuwa moja tu: zamu yako ilipoanza, alikuwepo kwako? Nilifuta sheria ya saba na kuiandika upya. Hadi leo, nikipewa habari isiyoeleweka, huwa natafuta swali la namna hiyo, dogo, linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Kazi yangu yote ya kuandika habari nimeifanya kwa mbinu niliyoipata siku ile, mbele ya tambara la deki.

Jumamosi ya mwisho chumba cha Nakawa kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya Mwalimu, limefungwa. Mimi na Denis tulicheza karibu saa nzima, na mwisho nilikuwa nimebakiwa na roho nne, yeye tatu. Ulinzi wangu ulikuwa jitu moja lenye nguvu tano, na kwa sababu ya jitu hilo Denis hakuthubutu kuja na askari wake mmoja mdogo, wa nguvu moja tu. Zamu yake ikaanza. Akavuta karata, akaisoma, na nikaona masikio yake yanasogea. Ilikuwa karata ya uchawi inayomhamisha kiumbe wa adui aje kwako. Akaiweka juu ya jitu langu, akalivuta polepole hadi upande wake, na kuligeuza linitazame.

"Roho nne," akasema. "Jitu tano. Kwisha, nyabo!" Akalilaza ubavu. Meza ya Bugolobi wakaruka juu, na mmoja wao akaweka mkono juu ya sanduku.

"Lisimamishe," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Hilo haliwezi kushambulia. Ni mgeni kwako."

"Mgeni? Hii jitu iko hapa tangu saa nane! Kila mtu ameiona!"

"Furaha," Mwalimu alisema, "eleza."

Nikasimama. Nikaeleza kwamba jitu lilikuwa mezani, ndiyo, lakini lilikuwa kwangu. Nikaeleza habari ya mzee wa Bombo, mwenye nyumba kwake na mgeni kwetu. Nikasema kwamba kiumbe anaweza kukinga mlango siku ile ile aliyofika, lakini hatoki kushambulia mpaka zamu yako ianze na imkute yupo kwako. Na akihamia kwa mwingine, anaanza upya, hata awe mkongwe. "Zamu yako ilipoanza, Denis, jitu hili lilikuwa kwa nani?"

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye shati la Denis. "Una daftari. Soma."

Denis akalitoa, limelainika kwa jasho la mwaka mzima, akatafuta mstari, akasoma kwa sauti ya ushindi kwamba kiumbe hashambulii ila awe chini ya mchezaji huyo bila kukatika, na hapo sauti ikapungua mwendo, tangu... zamu yake... ilipoanza. Akausoma tena, kimoyomoyo. Alikuwa ameubeba mstari ule kifuani mwaka mzima. Akalisimamisha jitu. "Nimemaliza zamu," akasema.

"Bado kidogo," nilisema. "Kabla hujamaliza." Nikashusha tai. Karata yake ilisema wazi kwamba huyu anaweza kushuka hata katika zamu ya adui, na nilikuwa nimemshikilia mkononi tangu mwanzo wa mchezo, nikisubiri roho za Denis zifike tatu. Denis akasoma karata, akainua mabega. Zamu yake ikaisha. Yangu ikaanza. Nikamlaza tai ubavu. "Anashambulia. Nguvu tatu."

"We!" Denis akaruka. "Ameingia saa hii! Mgeni hashambulii, wewe mwenyewe umesema, watu wote wamesikia!"

"Ameamkia kwangu."

Nyuma yangu Ramadhani alitoa mlio ambao sijausikia tena kwa mtu mzima. Denis akalikamata jitu kwa mikono miwili. "Basi jitu inakinga! Mgeni anakinga, umesema!"

"Anakinga, ni haki yake. Lakini tai anaruka, na anayeruka hukingwa na anayeruka. Jitu lako litazame juu tu."

Mwalimu Wekesa hakuamua chochote. Alilichukua sanduku, akaliweka mbele yangu, kisha akatoa leso akafuta uso. Denis alihesabu roho zake mara mbili kwa vidole, na aliponyoosha mkono wa pongezi aliuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo ya mzee wa Bombo, nani alikufundisha?" Nikamwambia aje Namuwongo atamwona. Na alikuja, Jumamosi iliyofuata, akaambiwa akae, akakaa.

Ramadhani alilibeba sanduku kichwani njia nzima ya reli, na sisi tulikimbia mbele na nyuma yake tukiimba upuuzi. Tulipofika, Mama Zaituni alikuwa mlangoni na sinia lake. "Hilo nalo limetoka wapi?"

"Letu, Mama! Tumelishinda!" Ramadhani alilitua kwenye mkeka na tayari vidole vyake vilikuwa kwenye kufuli. Karata mia kadhaa, nyingine hatukuwahi kuziona.

"Limefika lini?" aliuliza Mama Zaituni.

Tukatazamana. "Sasa hivi," nilisema.

"Basi liacheni lipumzike. Kesho."

Sisi tuliobishana mwaka mzima juu ya kila kitu hatukupata hoja hata moja, kwa sababu sheria ilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Tulikaa tukalizunguka sanduku lililofungwa, tukanywa chai, tukalitazama mpaka jua likazama.

Jana, baada ya dua na chakula, nililala katika chumba kile kile. Pazia ni jipya, ukuta umepakwa rangi. Leo asubuhi nilikuwa bado nafunga kitenge Hadija alipoingia bila kubisha hodi na kuniwekea ufagio mkononi. Sikudai maelezo. Nilianzia mlangoni.